Nati Kumi na Sita

Barua ya kumtaka ajieleze ilimkuta Mama Kucha juu ya ngazi, kichwa kikiwa ndani ya dari la chumba cha kufulia cha hospitali, akitafuta waya uliotafunwa na panya. Tarishi aliinyoosha kutoka chini, kisha akaghairi akairudisha kifuani.

"Shuka, Fundi," alisema. "Hii si ya kusomea juu."

Alishuka. Barua ilikuwa fupi. Afike mbele ya kamati kesho yake, Jumatano, saa nne asubuhi, aeleze kwa nini asifukuzwe kazi kwa uzembe uliounguza kigari cha wagonjwa na kumjeruhi dereva wake. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili: alama zake za kazi zilikuwa zimeonekana kwenye nati zote kumi na sita za betri.

Kumi na sita! Katika kigari kile yeye alikaza nati kumi na mbili, betri sita, mbili kwa kila betri, na alizijua kama anavyoyajua meno yake. Hizo nne nyingine zilizaliwa lini, na mzazi ni nani?

Hebu tulielezee kwanza hilo jina. Kucha zake mwenyewe hazijawahi kuonja rangi, zilikuwa nyeusi kwa grisi tangu Januari hadi Desemba. Lakini ndani ya mkoba wake wa spana kulikuwa na chupa ndogo ya rangi nyekundu ya kucha, na kila nati aliyoikaza aliichora mstari mwembamba, unaoanzia juu ya nati na kuvuka hadi kwenye chuma inachokaa. Nati ikilegea, hata kwa unywele, mstari unakatika vipande viwili na fundi anajua. Alifundishwa na marehemu baba yake, aliyekuwa fundi wa mitambo kiwandani. "Nati haisemi," mzee alikuwa akimwambia, "basi wewe ipe mdomo." Wenzake kazini walichojua ni kwamba fundi wao anapaka betri rangi ya kucha. Wakamcheka, wakasema betri zake zinakwenda harusini, wakambandika jina. Naye hakujisumbua kueleza, maana anayecheka hakuulizi, na asiyeuliza ya nini kumfundisha?

Kigari chenyewe kilikuwa msaada. Kilianza maisha kwenye uwanja wa gofu, kikibeba matajiri na fimbo zao kwenye nyasi tambarare, kisha kikazeeka kikaletwa hospitalini, kana kwamba kilichowashinda wazima kitawafaa wagonjwa. Hospitali imejengwa kwenye mteremko: geti na mapokezi viko chini, wodi zote ziko juu. Kigari kikipakia wagonjwa wawili na dereva kilipanda kwa kuhema, na mara nyingine mgonjwa mwenye nafuu alishuka akasukuma. Dereva wake, Mzee Polepole, alikuwa akikisemesha njiani, "Twende baba, bado kidogo," na kweli kilikuwa kinafika.

Ijumaa iliyotangulia, msimamizi wa usafiri alikuja gerejini huku anapiga mluzi. Msimamizi huyo alikuwa shemeji yake Mama Kucha, mume wa mdogo wake wa tumbo moja.

"Shemeji, Jumatatu wageni wanakuja kuona wodi mpya," alisema. "Daktari Mkuu anataka kigari kipande na watu sita bila kukohoa. Dawa ni volti tu. Hapa zipo thelathini na sita. Tukiongeza betri mbili tunapata arobaini na nane. Hesabu ya darasa la pili."

"Hesabu ya darasa la pili inatosha kugawana pipi," Mama Kucha alimjibu. Alifunua kiti, akamwonyesha boksi jeusi lililoko nyuma ya betri. "Hii ndiyo kontrola. Ndiyo inayoipimia mota umeme wake. Imetengenezwa kwa thelathini na sita. Ukiipa arobaini na nane ni sawa na kumpa mtoto mchanga dozi ya mtu mzima. Inatakiwa kontrola nyingine, swichi kubwa nyingine, nyaya nene kuliko hizi, na chaja yake. Vifaa vikija, nipe wiki mbili nikufanyie kazi ya maana."

"Wageni wanakuja Jumatatu, shemeji."

"Basi wapande kwa miguu. Wao si wana afya?"

Shemeji alicheka. "Haya, nimekusikia. Wewe ndiye mwenye nati zako." Akaondoka na mluzi wake, na Mama Kucha akaamini kwamba kusikia ni kukubali. Hakuandika popote. Jumamosi na Jumapili zilikuwa siku zake za mapumziko, akakaa nyumbani akafua mapazia.

Jumapili hiyohiyo shemeji alimleta fundi wa mtaani na betri mbili. Nafasi chini ya kiti haikutosha, wakaitengeneza. Walichokitoa ili ipatikane ni mshipi mwekundu ambao Mama Kucha aliufunga kwa mikono yake, wa kuvuta mara moja tu na umeme wote ukakatika. Alimfundisha Mzee Polepole kuutumia hadi mzee akachoka kufundishwa: ukiona moshi usifikiri, shusha mgonjwa, funua kiti, vuta mshipi.

Jumatatu saa tatu asubuhi kigari kilipanda mteremko kwa kasi ambayo hakijawahi kuwa nayo, kikiwa na mama mmoja mwenye mguu wa plasta. Katikati ya mteremko moshi ukatoka chini ya kiti. Mzee Polepole alivuta breki akamshusha yule mama, akafunua kiti na kupeleka mkono palepale alipofundishwa. Mshipi haukuwepo. Mzee hakukimbia, angeweza kukimbia na hakuna ambaye angemlaumu. Alishika waya uliokuwa unayeyuka kwa mikono miwili na kuung'oa.

Sasa yuko wodini, mikono yote imefungwa bandeji hadi viwiko. Na barua inasema mwenye makosa ni Mama Kucha.

Jioni ya Jumanne alipita kwa mdogo wake. Alitaka kumkuta shemeji na kumuuliza ana kwa ana, na alimkuta kweli, lakini shemeji aliinuka kwenye kochi kama aliyekumbuka jambo. Alimsalimia kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba cha kulia kilikuwa na plasta.

"Samahani, shemeji, nimejikata na kopo. Ngoja nikafuate dawa." Akatoka, viatu hajavivaa vizuri.

Mdogo mtu alibaki. Alimketisha dada yake na kumletea maji ya kunywa, akaanza kulia kabla hata ya kusemeshwa. Vidole vilivyofuta machozi vilikuwa vimepakwa rangi ya zambarau yenye vimeta, kila ukucha unawaka.

"Dada, funika kombe mwanaharamu apite," alisema. "Nakuomba. Mume wangu ana miezi miwili tu tangu athibitishwe kazini. Akitoka pale sisi tunakwenda wapi? Wewe ni fundi, ukifukuzwa leo kesho watu kumi wanakugombania. Sema tu ulisahau kukaza. Kusahau si dhambi."

"Mikono ya Mzee Polepole nayo nimeisahau wapi?"

"Atapona. Dada, damu ni nzito kuliko maji."

Mama Kucha aliweka bilauri chini, maji hayajaguswa. Ndiye aliyemtafutia kazi huyo mume. Miaka miwili shemeji alikaa nyumbani akihesabu mbao za dari, na dada mtu alikwenda ofisini kwa Daktari Mkuu mara tatu kumsemea: ni mtu mzuri, ni mchapakazi, mimi namdhamini. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa umeishona mwenyewe.

"Alama zangu zimefikaje kwenye nati ambazo sijazishika?" aliuliza.

Mdogo wake aliangalia sakafu. "Mimi mambo ya nati nitayajulia wapi? Ni rangi ya kucha tu, dada. Watu wanataka kufukuzana kwa ajili ya rangi ya kucha."

Mama Kucha alitoka bila kuaga. Njia nzima alitembea akiongea peke yake, na wapita njia wakampisha. Kilichomuuma hakikuwa kazi. Kazi angepata, mdogo wake alisema kweli. Kilichomuuma ni kwamba popote atakapokwenda na mkoba wake, nyuma yake kutakuwa na karatasi inayosema huyu ndiye aliyelegeza nati mzee akaungua, na mstari wa baba yake utakuwa ndio ushahidi.

Jumatano kamati ilikaa gerejini, kwa sababu Mama Kucha aliomba hivyo. Daktari Mkuu, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, alisimama mbele pamoja na wajumbe wawili. Shemeji alikuwa kando amevaa tai, mkono wa kulia mfukoni. Kigari kilikuwa kimefungiwa humo tangu Jumatatu, na ufunguo alikuwa nao yeye msimamizi.

"Fundi," Daktari Mkuu alisema, "taarifa ya msimamizi inasema uliongeza betri Ijumaa kabla ya kwenda mapumziko. Wewe unakana. Lakini rangi yako ipo. Hospitali nzima inajua nani hapa anapaka betri rangi ya kucha."

"Naomba kuiona, Daktari."

Kiti kilifunuliwa. Harufu ya plastiki iliyoungua ikapanda. Betri nane zilikaa zimebanana, weusi wa moshi umezifunika zote, na juu ya weusi huo nati kumi na sita zilikuwa zinang'aa. Zimepakwa rangi kichwa kizima, duara safi, kila moja imejaa hadi ukingoni, kama mwanamke anayejiandaa kwa sherehe. Rangi yenyewe haikuwa nyekundu. Ilikuwa zambarau yenye vimeta.

Mama Kucha aliinama akazitazama. Aliviona tena vidole vya mdogo wake vikifuta machozi. Hasira aliyokuja nayo ilikuwa kubwa, lakini hii mpya iliyopanda ilimfanya ashike ukingo wa kigari. Kumbe chupa ilitoka kabatini kwa damu yake mwenyewe. Kumbe wakati analetewa maji ya kunywa, jambo lilikuwa limeshafanyika.

"Unaitambua?" Daktari Mkuu aliuliza.

"Naitambua vizuri sana. Lakini si yangu." Alifungua mkoba, akatoa chupa yake na kuiweka juu ya usukani. "Hii ndiyo yangu. Na mimi sipaki nati, Daktari. Mimi nachora. Njoo huku, kwenye jenereta."

Aliwapeleka ukutani, ilipokaa jenereta ya dharura. Aliwaonyesha nati moja baada ya nyingine, mstari mwembamba mwekundu juu ya kila moja ukivuka hadi kwenye chuma. Akachukua spana, akalegeza nati moja kidogo sana, na mstari ukakatika. Akaikaza, mstari ukaungana.

"Miaka kumi na moja mnanicheka," alisema. "Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kwa nini. Mlidhani napamba. Na aliyepaka zile pale naye alidhani napamba, ndiyo maana kazipaka kama kucha!"

Mjumbe mmoja alikohoa. Mama Kucha alirudi kwenye kigari, akashika bisibisi na kukwangua nati ya betri ya nane. Rangi ilitoka ganda zima. Chini yake kulikuwa na masizi.

"Moshi ulitoka Jumatatu. Rangi ya Ijumaa ingekuwa chini ya masizi. Hii iko juu. Imepakwa kigari kikiwa kimeshaungua, humu ndani, mlango ukiwa umefungwa." Akakwangua nati ya betri ya tatu, akafuta masizi kwa kitambaa. Mstari wake mwekundu ulitokea, umekatika, nusu huku nusu kule. "Na hii nilikaza mimi. Ikafunguliwa na mtu mwingine, akairudisha bila nguvu. Imesema yenyewe."

Shemeji alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama.

"Daktari, huyu ni shemeji yangu, nisingependa kumvunjia heshima," alianza, "lakini rangi ya kucha kila mwanamke anayo. Anaweza kuwa na chupa mbili."

Daktari Mkuu alivaa miwani yake. "Mkono wako umefanya nini?"

"Nimejikata na kopo, Daktari. Kidogo tu."

"Kopo lina kutu? Nionyeshe."

"Kidonda kimeshakauka."

"Mimi ni daktari," alisema Daktari Mkuu. "Nionyeshe kidonda."

Hakuna mahali pabaya pa kusingizia kidonda kama hospitalini. Mkono ulitoka mfukoni polepole. Daktari alibandua plasta kwa vidole viwili, kama alivyobandua maelfu. Gumba lilikuwa zima kabisa, na ukucha wake, pamoja na ngozi ya pembeni ambako brashi iliteleza, ulikuwa wa zambarau na unametameta. Baadaye ilijulikana kwamba dawa ya kuondolea rangi ilikuwa imekwisha nyumbani, na mwanaume mzima aliona haya kwenda kuiulizia dukani.

Mjumbe wa pili aligeuka kutazama ukuta, mabega yakimcheza. Mama Kucha hakucheka hata kidogo.

"Shemeji," alimwambia, "ungekuja kuniambia Jumatatu hiyohiyo, 'nimekosea, nisaidie,' ningekasirika, ningekutukana, lakini ningesimama na wewe mbele ya Daktari. Mimi nilikudhamini! Badala yake ukafungua kabati la mke wako ukatafuta rangi ya kunizikia."

Shemeji alirudisha mkono mfukoni. Aliambiwa akabidhi funguo, asirudi hadi aitwe, akaondoka bila kupiga mluzi.

"Pole sana, Fundi," Daktari Mkuu alisema walipobaki wenyewe. "Tumeteleza kidogo. Nadhani tunaweza kuyaacha hapa. Na ile kazi ya volti arobaini na nane, utatusaidia lini?"

Mama Kucha alikuwa anafunga chupa yake. Alisimama akamtazama.

"Barua ya kunituhumu ilikuja kwa maandishi, Daktari, ina muhuri na kila mtu kaisoma. Ya kunisafisha nayo ije kwa maandishi, muhuri uleule, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Kazi nitaifanya. Kontrola, swichi, nyaya na chaja vikifika vyote vinne, siyo vitatu. Na mshipi wangu urudi mahali pake kabla ya betri hata moja kuwekwa."

Daktari Mkuu alivua miwani. "Utaipata leo," alisema.

Saa kumi Mama Kucha alipanda mteremko kwa miguu kwenda wodi ya wanaume. Mzee Polepole alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, mikono yake myeupe imelala juu ya shuka.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekufukuza?"

"Wameshindwa."

"Afadhali." Mzee alifikiri kidogo. "Niliutafuta ule mshipi, ujue. Nisije nikaonekana sikufundishika. Nilipeleka mkono palepale uliponionyesha, nikapapasa, nikapapasa tena."

"Najua, Mzee. Haukuwepo."

"Nilidhani macho yangu."

Mama Kucha alimrekebishia mito. Muuguzi alileta uji kwenye kikombe na kuuweka mezani, akaenda kwa mgonjwa mwingine, na Mama Kucha akavuta stuli ili amnyweshe. Ndipo alipomwona mtu mlangoni.

Mdogo wake alisimama pale na kanga mabegani, hajui aingie au arudi. Kucha zake zilikuwa zimekwanguliwa kwa kitu kikali, wembe labda, zimebaki na mikwaruzo myeupe na wekundu kidogo wa damu pembeni. Alikuwa amekuja kumsema dada yake, hilo lilionekana usoni, maneno yalikuwa tayari mdomoni. Kisha macho yake yakaangukia ile mikono juu ya shuka, bandeji hadi viwiko, madoa ya njano ya dawa yamepenya, na maneno yakamwisha.

"Nani huyo?" Mzee Polepole aliuliza.

Mama Kucha angeweza kusema mengi. Alikuwa nayo yote, tangu jana, yamejipanga. Badala yake aliinuka kwenye stuli, akachukua kikombe na kukinyoosha kuelekea mlangoni.

"Ni mdogo wangu, Mzee. Amekuja kukunywesha uji." Akamgeukia. "Njoo ukae hapa. Shika kikombe. Na utakapomaliza, kesho uje tena, na keshokutwa, mpaka aweze kukishika mwenyewe."

Mdogo mtu aliingia, akaketi, akapokea kikombe kwa mikono miwili.